Kiingereza Changu cha Shamba

Lugha zangu ni tatu, na hakuna hata moja ambayo sijachekwa nayo.

Kiarabu walinicheka nacho wasichana wa skuli hapa Ibra, Omani, mwanzo tu tulipofika kutoka Unguja. Nilimwomba mwalimu wetu wa kike ruhusa ya kwenda kunywa maji, nikamsemesha kama mtu anavyomsemesha mwanamume. Darasa zima likaangua kicheko, na tangu siku hiyo kila nilipofungua mdomo palikuwa na mtu anayesubiri kosa. Nyumbani tulisema Kiswahili. Baba peke yake ndiye aliyekuwa na Kiarabu cha kutosha kununulia mbuzi. Kwa hiyo skuli ilipoanza kutusomesha Kiingereza, nilifurahi kuliko wote. Humo hamkuwa na mwenyeji wala mgeni, sote tulikuwa wajinga sawasawa. Nikajitupa kwa nguvu zangu zote, na mwisho wake nikawa mwalimu wa Kiingereza katika skuli ya wasichana. Kwa maoni yangu, nilikuwa mwalimu bora wa Kiingereza katika mkoa mzima wa Sharqiya. Maoni hayo sikuyaficha.

Wizara ilipotaka kupeleka waalimu Uingereza kwa mwaka mmoja wa masomo, nikachaguliwa. Tuliambiwa tutasoma katika chuo cha mji mdogo, kusini magharibi mwa nchi ile, na kila mmoja atatafutiwa nyumba ya kukaa. Mie nikaomba nyumba tulivu, ya mwanamke mtu mzima, isiyo na mbwa. Nikapewa nyumba tulivu, ya mwanamke mtu mzima, yenye mbwa watatu.

Kaka yangu alinisindikiza. Aliikagua ile nyumba kama anayetaka kuinunua, akagonga kuta, akafungua madirisha, akauliza jirani ni nani. Akaambiwa jirani ni kondoo. Akaridhika, akapanda ndege akarudi Maskati, akaniacha.

Uingereza niliyokuwa nikiifundisha ilitoka kwenye kitabu cha skuli. Humo baba anavaa tai mezani, mama anamimina chai, na mtoto anauliza saa ngapi huku saa iko ukutani mbele yake. Uingereza niliyopelekwa ilikuwa na tope. Kijiji kizima kilikuwa barabara moja iliyopindapinda, kanisa, duka ambalo pia lilikuwa posta, ukumbi wa mikutano wenye paa la bati, na baa ambayo sikuingia hata siku moja, ingawa nilimjua kila aliyeingia na saa aliyotoka, maana dirisha langu lilitazama mlango wake.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, mfupi, mpana, mwenye mikono myekundu na kofia ya sufu aliyoivaa hata jikoni. Alifuga bata na kuku, na nyuma ya nyumba alikuwa na miti ya matufaha. Asubuhi ya kwanza nilishuka chini nimevaa vizuri, nimeshajitayarishia salamu kamili ya kitabuni. Yeye akageuka na sufuria mkononi, akasema:

"Umelalaje, mpenzi wangu?"

Nikadhani sikusikia sawasawa. Nikakaa mezani.

"Kula, mpenzi wangu. Utakufa kwa baridi."

Nikala huku nikiutazama mlango.

Nikatoka nikaenda kusubiri basi la kwenda chuoni. Basi likaja, dereva ni pande la mtu, ndevu mpaka kifuani. Akanitazama, akaniuliza, "Unakwenda wapi, mpenzi wangu?" Nikashuka palepale. Nikaenda kwa miguu, kwenye mvua, masafa ambayo hapa Ibra ningeona haya kumpitisha punda. Nilifika chuoni viatu vimejaa maji, nikawaambia wenzangu kwamba tumeletwa kwenye nchi isiyo na adabu. Nikaendelea kwenda kwa miguu wiki nzima. Basi lilikuwa likinipita, na yule dereva akinipungia mkono, nami nikitazama upande mwingine kwa heshima ya ukoo wetu.

Aliyenitoa ujingani ni mwenye duka. Aliniita mpenzi wake akinipa chenji, nikakasirika. Kabla sijafika mlangoni akaingia mzee mmoja mwenye mkongojo, hana jino hata moja, na mwenye duka akamwambia, "Nikupe nini leo, mpenzi wangu?" Mzee akataka tumbaku. Nikasimama pale na maziwa yangu nikifikiri.

Jioni nikamuuliza bi mkubwa mwenye nyumba. Nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa wa aibu. Alipoelewa, alicheka mpaka mbwa wakaanza kubweka.

"Hapa kila mtu ni mpenzi," akasema. "Hata ng'ombe. Hata mtoza kodi. Sasa wewe ulimdhania nini dereva maskini? Ana wajukuu!"

"Sikumdhania kitu," nikasema. "Napenda tu kutembea."

Na mie ni mtu wa Omani. Nchi yangu wanaume wanaitana habibi hata wakigombania pahala pa kuegesha gari, na kila mama sokoni ananiita habibti hali akinipa tende zilizokauka. Sikuona kufanana. Nilikuwa na shahada ya ualimu.

Baada ya hapo nikampenda bi mkubwa, nikajifunza kutoka kwake kila kitu. Kiingereza chake hakikufanana na cha kanda tulizosikilizishwa skuli. Katika kanda zile Waingereza walikuwa wakiimeza herufi r. Huyu akiizungusha mdomoni kama sisi, ikasikika mpaka barabarani. Nikasema moyoni, hawa ni watu wangu. Mahala pa s mara nyingi alitia z. Na vitu visivyo na roho alivisema kama watu. Siku moja ameshughulika na unga, akaniambia, "Mjaze maji, mweke motoni." Nikatazama jikoni kote. Mbwa watatu wamelala. Nikamuuliza, "Yupi?" Kumbe birika. Lango naye alikuwa yeye, toroli alikuwa yeye, mvua alikuwa yeye na alikuwa hana huruma.

Nikashika yote. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: mwanamke wa Kiingereza, mtoto wa Waingereza, aliyezaliwa katika chumba kilicho juu ya jiko lake mwenyewe, hawezi kukosea Kiingereza. Wanaokosea ni waalimu wa chuoni, ambao nusu yao walitoka miji ya mbali. Mmoja wao alinirudishia insha yangu akaniambia, "Ukiandika, wewe ni bibi wa mjini. Ukisema, ni mchunga kondoo." Nikampigia simu mama Ibra nikamwambia nimesifiwa.

Mara moja kwa mwezi bi mkubwa alinichukua kwenye ule ukumbi wa bati, tukiwa tumebeba keki. Wazee wa kijiji walikuwa wakikutana humo kuzungumza habari za zamani za pale: shamba gani lilikuwa la nani, nani alisogeza ua wake usiku akala futi mbili za jirani, fundi gani alijenga ukuta wa makaburi ukaanguka. Walikuja na picha zilizokwaruzika, wakavaa miwani, wakabishana. Nilijiona nyumbani. Baba na wenzake walikuwa wakikaa katika sabla ya mtaa wetu, ukumbi wa wanaume, tangu alasiri mpaka isha, wakibishana zamu ya maji ya mfereji ilikuwa ya nani kabla babu zao hawajaondoka kwenda Afrika. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa wakati huo, na kila mmoja alikuwa na uhakika. Basi na hawa hivyo hivyo, tofauti ni keki. Nilikuwa sielewi zaidi ya nusu, lakini nikicheka wanapocheka, na wakakubaliana kwamba mie ni mtu mwenye akili.

Mwaka ukaisha, nikarudi Ibra na Kiingereza changu kipya. Niliwafundisha wasichana wangu kwa bidii kubwa. Niliwasimamisha safu kwa safu wakaizungusha r mpaka madirisha yakatetemeka.

Siku moja wakaja wakaguzi wawili, mmoja Mwomani kutoka Maskati, na mwingine Mwingereza, mshauri. Mwalimu mkuu aliwaleta mpaka mlangoni. Wasichana wakasimama wote kwa pamoja, nadhifu, wakaitikia kwa sauti moja:

"Asubuhi njema, wapenzi wetu!"

Mwalimu mkuu, ambaye hakujua Kiingereza, akatabasamu kwa fahari. Yule wa Maskati akashika kilemba chake kama kinataka kudondoka. Mwingereza akawa mwekundu, akatazama dari, akakohoa. Baadaye akaniuliza pembeni niliishi upande gani wa Uingereza. Nikamwambia.

"Nilidhani ni huko," akasema. "Babu yangu alikuwa akisema hivyo hivyo. Alikuwa na ng'ombe."

"Mashaallah," nikamjibu. "Lazima alikuwa mtu aliyesoma sana."

Akasema ndiyo, kwa namna yake.

Ukweli nilikuja kuupata kwenye televisheni. Dishi lilipofika nyumbani kwetu, nilikuwa nimeshaolewa na nina watoto. Usiku mmoja baada ya chakula tulikuwa tunatazama mchezo wa kuchekesha wa Waingereza, mie nikiwafasiria wote. Akatoka mtu amevaa magunia, ana unyasi mdomoni. Akasema neno moja tu, la kuuliza lango yuko wapi, na watazamaji wote wakavunjika mbavu. Hakuwa amesema chochote cha kuchekesha. Alikuwa amesema kama mimi. Mume wangu akaniuliza, "Mbona wanacheka?" Nikamwambia mtambo una hitilafu, nikazima.

Toka hapo nikaanza kujirekebisha. Nilinunua kanda, nikajifungia chumbani nikajifunza kuimeza r upya, kazi ngumu kama kujifunza kula kwa mkono wa kushoto. Darasani nilifaulu kidogo. Nikiwa na hasira, bi mkubwa akitoka mwenyewe mdomoni mwangu.

Tuliandikiana yeye na mie, mara moja au mbili kwa mwaka, mpaka alipofariki. Mtoto wa kaka yake ndiye aliyeniletea habari. Nililia. Nikapika mkate wa sinia, nikawagawia majirani, wakala na kuusifu bila ya kujua ni kwa ajili ya nani.

Miaka ikapita. Nikastaafu. Sasa mjukuu wangu wa kike anasoma chuo kikuu Nizwa, na mwisho wa wiki huja kwangu, na ana Kiingereza cha filamu, laini kama mafuta. Kiswahili chake ni habari nyingine. Alhamisi moja, mwanzo wa majira ya baridi, aliniita kutoka sebuleni:

"Bibi! Simu amelia. Kuna Mwingereza ndani."

"Simu imelia," nikamwambia. "Simu si mtu."

"Sawa, imelia. Na Mwingereza? Amelia au imelia?"

Nikamnyang'anya simu. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mwanamke nisiyemjua. Alisema yeye ndiye kiongozi wa kikundi cha historia cha kile kijiji. Alikuwa amehamia huko kutoka London miaka michache nyuma. Namba yangu amepewa na mtoto wa kaka wa bi mkubwa. Wamekuta picha ya msichana aliyevaa mtandio na viatu vya mpira mpaka magotini, ameshika bata kichwa chini miguu juu. Je, ni mimi? Na kama ni mimi, ningependa kuzungumza na kikundi kwa video, niwaeleze ninavyoikumbuka nyumba ile na watu wa wakati ule? Wazee wengi wa enzi hizo wameshakufa.

Bata nilimshika vile kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa. Lakini nilijibu kwamba nimekubali, tena kwa Kiingereza kizuri mno, ambacho mjukuu wangu alikifuta nusu kabla hakijaenda.

Jumatano iliyofuata nikaenda soko la wanawake kununua shela mpya. Kwa bahati mbaya nikamwambia muuzaji kwa nini. Nilisema tu kwamba nitazungumza na kikundi cha watu Uingereza. Duka la pili nikasema nitawahutubia Waingereza. Nilipofika kwa mama anayeuza hina, habari zilikuwa zimenitangulia, na yeye akaniuliza kama ni kweli nimeitwa na bunge lao. Sikusema ndiyo. Nilisema tu, "Tumwombe Mungu atuvushe salama."

Halafu nikaandika hotuba. Niliandika juu ya uzuri wa mashamba ya Uingereza, mabadiliko ya majira, na ukarimu wa wenyeji. Mjukuu wangu akanisikiliza nikiisoma, amekaa kwenye zulia na bakuli la tende.

"Bibi, sema s. Usiseme z."

"Nimesema s."

"Umesema z. Na hapa umesema lango ni yeye. Lango si mtu, Bibi."

Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa. Nikamwambia aondoke na tende zangu.

Siku yenyewe, baada ya magharibi, majirani wakaanza kuingia. Sikuwaalika, na nikiwafukuza ningesemwa. Walikuja na halua, na birika za kahawa, na dada yangu alikuja na sambusa, wakakaa mstari mzima nyuma ya kamera, wamevaa vizuri kuliko mie. Mjukuu wangu akaisimamisha kompyuta juu ya mito mitatu ili nisionekane tundu za pua. Ukumbi ukatokea. Paa lilikuwa jipya, lakini viti vilikuwa vilevile vya mbao vinavyouma mgongo. Walikaa watu kama ishirini, wamevaa makoti yao. Mwenyekiti, mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi, akanikaribisha. Mstari wa mbele alikaa mzee mmoja mwekundu ameshika kofia yake mapajani. Huyo, mwenyekiti akasema, ndiye mtoto wa kaka wa bi mkubwa. Zamani alikuwa akija na kuni, kijana mwenye haya. Nikampungia mkono. Akanipungia.

Nikasoma hotuba yangu. Niliimeza kila r. Kila s ilikuwa s. Wakasikiliza kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonitisha, maana naijua: ndivyo wasichana wangu walivyokuwa wakisikiliza saa ya mwisho ya Alhamisi. Mzee mmoja nyuma akalala. Dada yangu, asiyejua neno la Kiingereza, akaninong'oneza, "Unawachosha."

Nikamaliza, wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Mama mmoja akanyanyua mkono. Alisema kwamba kuna kisima cha kale, kijiji kizima kilikuwa kikiteka maji kwacho kabla ya mabomba, na kila mtu ana uhakika kilipokuwa, na kila mmoja uhakika wake mbali. Je, bi mkubwa hakuwahi kunionyesha?

Alinionyesha. Tulikuwa tumetoka kuokota matufaha, akaweka kikapu chini, akaniambia mama yake alimtuma huko kila asubuhi. Nikaanza kueleza. Na nilipoanza kuitembea njia ile kichwani, nikagundua kwamba sina maneno mengine ya kuisema njia ile ila yale aliyonipa yeye. Yakaja yenyewe, na r zake na z zake.

"Unampita lango, mpenzi wangu," nikasema, "lakini usimfungue, maana yeye ni mbovu, atakuangukia. Unashuka na ukuta, unamwacha fundi vyuma mkono huu, halafu unakata kushoto, na kisima yuko palepale, amevaa jiwe kichwani."

Mjukuu wangu alinifinya mguu. Hakuna aliyetikisika, hata yule aliyelala alikuwa ameamka.

"Imekatika?" nikamuuliza mjukuu wangu kwa Kiswahili.

"Haijakatika. Wanakutazama."

Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nikajua nimewatukana, nimeigiza wakulima wao mbele yao kama yule mtu wa magunia. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiingereza cha kanda. Yule mzee mwekundu akasimama, akaja karibu na kamera mpaka tukaona kidevu chake tu na nusu ya pua.

"Sema tena," akasema.

"Niseme nini?"

"Chochote. Lakini sema vile."

"Samahani sana. Nimejitayarisha kwa Kiingereza kizuri..."

"Hicho tunacho kingi," akasema mwenyekiti wa kutoka London.

Mzee akaeleza, akigeukia watu wake zaidi kuliko mimi. Pale kijijini, akasema, hakuna tena anayesema namna ile. Wazee wameondoka, nyumba zimenunuliwa na watu wa mjini, na watoto wanasema kama televisheni. Na yeye mwenyewe, alipokwenda kufanya kazi ofisini ujanani, walimcheka mwezi wa kwanza, akaacha. Sasa hata akitaka hawezi, inatoka kama anaigiza. Halafu akanirudia. "Sijamsikia shangazi yangu tangu tulipomzika," akasema. Akakaa, akaivaa kofia yake humo humo ndani.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mara moja nilikwenda Unguja, mtu mzima, nikaingia dukani kununua sabuni. Kijana wa duka akanisikiliza, akawaita wenzake waje wasikilize. "Bibi, unasema kama redio ya marehemu babu," akaniambia. Nilitoka bila ya sabuni.

Basi nikasema. Nilisema juu ya birika, na mbwa, na siku bata walipoingia kanisani, na dereva wa basi niliyemkimbia. Nikaizungusha r mpaka nikasikia kizunguzungu. Wakacheka, wengine wakafuta macho, mwenyekiti akaniomba ruhusa ya kurikodi. Nyuma ya kamera majirani zangu walikuwa wamesogea mpaka kingo za zulia, kahawa imepoa vikombeni.

"Wanacheka au wanalia?" dada yangu akauliza.

"Sijui," nikamwambia. "Nipe sambusa."

Wageni walipoondoka, mjukuu wangu akabaki akikusanya vikombe. Halafu akasema, "Bibi, kwa hiyo mie nikisema simu amelia, nikaendelea hivyo hivyo, siku moja nikiwa mzee watanipigia, wataniomba niwasemee Kiswahili cha Ibra?"

Nikamwambia avioshe vikombe vizuri, vina hina ya vidole vya majirani.

Wiki chache baadaye wakaenda kuchimba kisima. Nyuma ya nyumba iliyokuwa ya fundi vyuma sasa pana bustani ya mtu, na mwenyewe aliwaruhusu watoboe nyasi zake kwa sababu ya heshima ya ushahidi wangu. Walinitumia picha. Walichimbua vigae vya sahani, chupa, na kitanda kizima cha chuma. Kisima hakikuwapo. Mwenyekiti aliniandikia kwa upole sana kwamba kumbukumbu ni kitu cha ajabu.

Sikuipenda barua ile. Nikamjibu kwamba hawakunifuata sawasawa. Mie nilisema kulia. Mtoto wa kaka wa bi mkubwa akanijibu mwenyewe: nilisema kushoto, na wamerikodi. Akanitumia rikodi. Nikaisikiliza mimi na mjukuu wangu, na kweli, nilisema kushoto, kwa sauti ya mtu ambaye hajapata kukosea maishani mwake.

Nikafikiri siku mbili, nikampigia. Nikamwambia kwamba kushoto kwa shangazi yake ni kushoto mtu akitoka kanisani, si akienda. Akasema shangazi yake alikuwa haendi kanisani. Nikamwambia alikuwa akienda kuwakagua wanaokwenda. Hapo akacheka, akakubali kwamba huenda, na kwamba sasa itabidi watoboe upande wa pili, kwa jirani. Huyo jirani bado hajakubali. Ana mawaridi, nimeambiwa, na hataki kusikia habari ya kisima wala ya bibi yeyote wa Omani.